Mizunguko Hamsini na Mitano

Marahaba, vijana wangu. Nimeitikia kabla hamjanipa shikamoo kwa sababu siku hizi hapa Mabawe, wilaya ya Ngara, inaweza kupita Jumatatu mpaka Alhamisi pasipo mtu wa kunisalimia, na sitaki marahaba yangu ichachie mdomoni. Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi ameniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya kusuka mota, maana amesikia kwamba nimeifanya miaka thelathini na ushei. Nikamwambia nitaandika, ila nitaandika nipendavyo. Kwa hiyo msitafute hapa mwaka niliozaliwa wala darasa nililoishia. Nitawaambia ya mota, nitawaambia ya gari moja dogo jekundu, na nitawaambia ya Sefania, fundi mwenzangu, ambaye nilimkosea na ambaye natamani nikae naye tena meza moja kabla sijafa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Kwanza kazi yenyewe, mwalimu wenu asije akanuna. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, ukiifungua utakuta koili nyeusi tii na harufu ya vanishi iliyochomeka. Kijana mwenye haraka huchukua patasi akakata. Usikate. Hesabu kwanza. Hesabu mizunguko ya koili moja, pima unene wa waya, chora jinsi zinavyoungana, andika kwenye karatasi, na karatasi uiweke mfukoni, siyo mezani. Najua kwa sababu mwezi wangu wa kwanza kazini nilikata kabla ya kuhesabu. Ilikuwa mota ya mashine ya kijiji cha Murukulazo. Bruda, msimamizi wa karakana, alinikuta nimesimama katikati ya lundo la waya. Hakunifokea. Alivuta kigoda akakaa, akasema, "Sasa okota, hesabu vipande." Niliokota na kuhesabu siku nzima na nusu ya siku iliyofuata, na muda wote huo akina mama wa Murukulazo walikuwa wakitwanga kwa kinu na kunitaja jina langu kwa kila pigo.

Karakana ilikuwa ya misheni, kule Ngara. Bruda alikuwa mtawa wa kizungu, mrefu, mikono imejaa makovu ya kulehemu. Kiswahili alijifunza kwetu sisi mafundi, kwa hiyo kilikuwa na makosa yetu yote pamoja na ya kwake. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: hesabu ya mizunguko. Pale kwetu mota haikusukwa na mtu mmoja. Mmoja alisuka, mwingine alikaa pembeni akihesabu kwa sauti, na mgeni akiingia akasalimia, mwenye kuhesabu haitikii, anainua mkono tu. Watu wengi waliondoka wakisema mafundi wa misheni wana kiburi. Lakini ukikosea mizunguko, mota inarudi imeungua ndani ya wiki, na kijiji kizima kinarudi kwenye kinu. Bruda aliwahi kumfukuza fundi aliyekuwa hodari kutuzidi sote, kwa sababu aliandika idadi ambayo haikuhesabiwa. Alimfukuza asubuhi, kabla ya chai.

Mtu wangu wa kuhesabu alikuwa Sefania. Wazazi wake walitoka Burundi zamani wakaweka makazi Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo, na yeye akaja Ngara kutafuta kazi. Alikuwa mwembamba, mwenye mzaha wa chinichini, na herufi l ilikuwa haikai mdomoni mwake. Alihesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, nami kwa Kihangaza changu, ambacho ni ndugu wa Kirundi, nilimfuata bila shida. Kuna siku tulisuka mota ya pampu ya maji kuanzia asubuhi hadi saa kumi bila kusema neno lolote zaidi ya namba, na nilipokuwa narudi nyumbani nilijiona kama mtu aliyetoka kwenye mazungumzo marefu. Sijui kama nyinyi mna mtu wa namna hiyo. Kama mnaye, mmeshapata nusu ya ufundi.

Sasa gari. Lilikuwa linakaa kwenye kiganja. Ni mfano wa yale magari ya michezo ya mashindano, yale bapa yanayolala chini mpaka unajiuliza dereva aliingiaje. Jekundu, na namba saba ndani ya duara jeupe mlangoni, na dereva wa plastiki asiye na miguu, kichwa na mikono tu. Chini ya pua yake kuna ulimi mdogo unaozama kwenye mfereji uliochongwa katika njia yake ya mbao, na kila upande wa ulimi kuna kishungi cha nyuzi za shaba. Vishungi vinagusa kanda mbili za shaba zilizobandikwa kandokando ya mfereji, umeme unapanda, mota yenye ukubwa wa kidole gumba inazunguka, gari linaondoka. Usukani halina. Linakwenda unakokwenda mfereji. Kazi yako wewe ni kubonyeza kifyatulio ulichoshika mkononi, au kukiachia, basi.

Bruda aliagiza kwao magari mawili, hilo jekundu na jingine la bluu. Njia yake aliitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi kwenye meza ndefu ya stoo: mifereji miwili inayokwenda sambamba, inapinda, inapishana kwenye daraja, inarudi. Alisema ni ya kutufundishia kwamba mota kubwa na mota ndogo ni ndugu. Hiyo ilikuwa kweli kwa wiki mbili. Baada ya hapo ikawa ya Jumamosi mchana, tukishafagia karakana: mizunguko kumi ya meza, jekundu la Zakaria, yaani mimi, bluu la Sefania, na Bruda mwamuzi mwenye kikombe cha chai. Mafundi wengine walisimama ukutani wakishangilia kama wako uwanja wa mpira.

Mtadhani ni rahisi. Bonyeza sana kwenye kona, gari linachomoka kwenye mfereji, linaruka meza, nawe unalifuata chini ya benchi kwa magoti. Siri ni kuachia kabla ya kona, siyo ndani ya kona, kisha kubonyeza taratibu gari likiwa bado linanyooka. Futa tairi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, chambua vishungi vilale vizuri, usiweke mafuta mengi kwenye ekseli. Hayo yote niliyafanya. Sefania hakuyafanya hata robo, na alinishinda. Alinishinda Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miaka miwili. Alikuwa na kidole kinachojua. "Gari rako rinarara, Zakaria," alikuwa akiniambia mbele ya watu, "ukaritandikie kitanda." Aliyeshindwa ndiye aliyefuta meza, kwa hiyo nilikijua kila kifundo cha ile plaiwudi.

Nilimwonea wivu. Siwezi kulipaka rangi neno hilo. Mtu mzima, mwenye mke, nilikuwa silali vizuri Ijumaa kwa ajili ya kitu cha kuchezea.

Nitawarukisha kidogo mbele, kisha nitarudi. Leo meza ile iko kwangu, kwenye chumba walicholala watoto. Watoto wako Mwanza, wana kazi zao na wake zao, hupiga simu sikukuu. Mama yao alitangulia miaka miwili iliyopita. Kazi nayo imekufa: mota ikiungua watu wananunua nyingine dukani, nyepesi, ya bei nafuu, na ikiungua hiyo wanaitupa. Wanaonijia wananiletea chaja za simu. Basi mpaka wiki chache zilizopita, baada ya chakula cha mchana nilikuwa naingia chumba kile, nawasha transfoma, nashika vifyatulio viwili, kimoja kila mkono, na kushindana na nafsi yangu. Mkono wa kushoto ulianguka daima. Upweke, vijana, ni pale unapofurahi kwamba umeshinda, halafu unakumbuka kwamba aliyeshindwa ni wewe.

Narudi sasa. Sefania alipata msiba, akaenda kwao Nyamigogo wiki nzima. Mchana mmoja wenzetu wakiwa wanakula, nililifungua gari langu jekundu na kuitoa ile mota. Ndani yake kuna kiini chenye mikono mitatu, na kila mkono ulisukwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko themanini. Niliutoa waya wote. Nikasuka upya kwa waya mnene kidogo, mizunguko hamsini na mitano kila mkono. Nyinyi mnaosoma umeme mnajua maana yake: mizunguko michache, waya mnene, umeme mwingi unapita, mota inakuwa na kasi na inapata moto. Nilihesabu peke yangu, kimoyomoyo, midomo nimeifumba. Ilikuwa mara ya kwanza kusuka mota bila sauti ya mtu pembeni.

Jumamosi Sefania amerudi, tukasimama mezani. Jekundu liliondoka kama limekanyagwa mkia. Sefania akalifukuza. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akibonyeza ndani ya kona, siku hiyo alibonyeza, na kwenye kona ya mwisho gari la bluu lilichomoka, likaanguka kwenye saruji, pua ikavunjika. Watu walinibeba. Sefania hakuliangalia gari lake. Alikuja kwenye la kwangu, akainama akalitegea sikio, akalinusa.

"Mota hii inarira tofauti," akasema. "Imesukwa."

Bruda akaweka kikombe chini. "Zakaria, umegusa mizunguko?"

Nyumbani nilikuwa na mtoto wa siku nne, wa kwanza. Nilimkumbuka yule fundi aliyefukuzwa kabla ya chai. "Hapana, Bruda," nikasema. Akaniuliza tena, nikainua mkono kuelekea kanisani na kuapa. Bruda akamgeukia Sefania, akamwambia kwamba kumwita fundi mwenzako mwongo wa hesabu si mzaha, na kwamba Jumatatu alete ushahidi au aombe radhi.

Jumatatu, kabla hatujashika vyombo, Sefania alisimama mbele yetu sote akasema, "Nirikosea. Mota haikuguswa. Zakaria, nisamehe."

Na mimi, vijana wangu, nilimsamehe. Nilimpa mkono na kumsamehe, watu wakatupigia makofi.

Mwisho wa mwezi aliaga akarudi Nyamigogo. Alisema wazazi wamezeeka. Nilipewa mtu mwingine wa kuhesabu, kijana mzuri tu, lakini kila alipoanza "moja, mbili" nilijihisi nimevaa shati la mtu. Meza ya Jumamosi ilikufa yenyewe. Miaka ikapita, Bruda akaugua, wakubwa wake wakamwita arudi kwao, na siku ya kuondoka alinikabidhi meza na magari yote mawili, la bluu pua ameiunga kwa gundi, mbele ya Padri. "Haya yabaki kwa fundi mwaminifu," alisema. Nilipokea. Ningeweza kusema pale pale, na sikusema. Baada ya miezi michache ilikuja barua kwamba amefariki, na nikajua kwamba mmoja wa watu wawili niliopaswa kuwaambia hayupo tena.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kwa huyo wa pili. Biharamulo siyo Ulaya. Nilikuwa na sababu kila mwaka: mwaka huu kahawa, mwaka ule ada, mwaka mwingine mke anaumwa. Nilipobaki peke yangu sababu ziliisha, nikagundua kwamba nilichokuwa nacho muda wote ni woga. Mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, fundi wa pampu aliyepita hapa aliniambia Sefania yu hai, ana shamba lake la migomba na mke wake, bado anasuka mota mojamoja. Usiku wa kuwaza sikuupa nafasi. Nililifunga gari jekundu kwenye taulo, nikachukua waya mwembamba wa ule unene wa zamani na lenzi yangu ya kukuzia, nikapanda magari mawili na bodaboda hadi Nyamigogo.

Mkewe alinipokea. "Karibu, shemeji, keti. Yuko nyuma, ule ugonjwa wa mnyauko umetuingilia migomba, anaing'oa." Baada ya kitambo akatokea, mabuti yana udongo, nywele nyeupe zote. Tulishikana mikono. Yake ilikuwa migumu kuliko yangu.

"Zakaria."

"Sefania."

Tuliongea mvua. Tuliongea mnyauko wa migomba, na magoti, na nani amekufa. Mkewe akaleta rubisi, ile pombe ya ndizi, tukanywa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mabawe, na yote yalikuwa yamenikimbia. Mwishowe nikaifungua taulo na kuliweka gari mezani.

"Ile mota niliisuka," nikasema. "Hamsini na mitano kila mkono. Nikaapa uongo, na nikakuacha uombe radhi mbele ya watu."

Alilichukua, akaligeuza, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kile kile.

"Mkono mmoja una hamsini na minne," akasema. "Urikosea."

Sikuelewa. Nikamwuliza amejuaje.

"Ufunguo wa stoo urikuwa kwangu. Jumatatu niriwahi, nikafungua mota, nikatoa waya wa mkono mmoja, nikahesabu. Hamsini na minne. Nikaurudishia hivyo hivyo. Mkono huo ni kazi yangu."

"Kabla ya kuniomba radhi?"

"Kabra."

"Na ukaniomba?"

"Urikuwa na mtoto wa siku nne, Zakaria. Bruda angekufukuza kabra ya chai." Akaliweka gari chini polepole. "Nikasema acha, atakuja mwenyewe aseme."

Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Nikamwuliza, kama alikwisha kunifichia siri, kwa nini basi aliondoka. Alinitazama kana kwamba nauliza jambo linalojulikana.

"Ningehesabu na nani?" akasema. "Kusuka na mtu ambaye hesabu yake siiamini, ningeweza vipi? Mwaka wa kwanza nirikusubiri sana. Gari rikisimama pare njiani, nachunguria. Mke wangu akawa ananicheka. Baadaye nikazoea."

Nikatoa ule waya mwembamba, nikauweka kando ya gari. Nikamwambia: "Tuirudishe themanini. Mimi nisuke, wewe uhesabu. Kwa Kirundi, kama zamani."

Aliugusa waya ule, akapima unene wake kwa kucha, na nikadhani atakubali. Kisha akausogeza upande wangu.

"Nimekusamehe, hiro risikusumbue tena. Nirikusamehe zamani, hata kabra ya wewe kunisamehe mimi." Hapo alicheka kidogo, nami nikaona aibu. "Rakini sihesabu tena na mtu. Nimezoea peke yangu."

Tulikula ndizi na maharage. Mkewe alinifungia mafungu mawili ya ndizi mbivu, akaniambia nisalimie nyumbani, nami nikasema nitasalimia, ingawa hakuna wa kusalimiwa. Gari nilimwachia. Hakulikataa, na hakushukuru. Alinisindikiza mpaka barabarani, tukasimama bega kwa bega tukisubiri bodaboda, kama watu wawili waliowahi kujuana. Pikipiki ilipofika aliniwekea ndizi vizuri nyuma, akazifunga kwa mpira mara mbili.

"Basi, Zakaria," akasema. "Ukipita njia, karibu."

Nimerudi Mabawe, nimekaa na sentensi hiyo wiki kadhaa sasa. Hakusema njoo. Hakusema usije. Alisema nikipita njia, na sote wawili tunajua kwamba hakuna safari ya mtu wa Mabawe inayopita mlangoni kwa Sefania. Nimeitafuta. Nimefikiria minada, nimefikiria hospitali, nimefikiria hata mazishi ya watu nisiowajua, na Mungu anisamehe kwa hilo.

Kwa hiyo, vijana, badala ya kuwapa nasaha nina ombi. Mtamaliza chuo, mtatawanyika, wengine mtafika Biharamulo. Mkisikia huko Nyamigogo kuna mota imeungua, ya mashine ya kusaga, ya pampu, hata ya feni, msiiguse. Mwambieni mwenye nayo kwamba yuko mzee mmoja Ngara anayesuka bila malipo, na kwamba ataifuata mwenyewe popote ilipo. Kisha nipeni taarifa siku hiyo hiyo. Vyombo nimeshafunga, viko mlangoni.